Kaseti ya Mama Mkwe Imebaki na Sauti Yangu

Jamani, nimekwisha.

Mama mkwe aliniazima kaseti ya kwaya yao ya Isansa, ya enzi za usichana wake. Hakuna nyingine. Deki yangu ya zamani ikaimeza! Vitufe vimekufa, inatii rimoti ya risiva iliyounganishwa nayo tu, na ile ya mwanzo ilipotea.

Leo nimepata rimoti hapa Tunduma. Muuzaji kaapa: "Dada, hii na risiva yako ni pacha!"

Maandishi ya rimoti yamefutika, nikabonyeza chochote huku nafoka. Taa nyekundu ikawaka, nikadhani imekubali. Baadaye kaseti ikatoka. Nikapiga vigelegele!

Nikaijaribu. Kwaya inaimba, tamu kweli... mara mimi: "Tapika, shetani wewe!"

Kwaya: "Amina."

Kumbe ile taa nyekundu ni ya kurekodi, na maiki ilikuwa imechomekwa.

Mama mkwe keshafika Vwawa, anakuja tuisikilize pamoja.

Kuna anayejua kitufe cha kuimeza tena?