Kitu Alichokiona Fundi Chumvi

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika hata na shemeji zake. Watu walimwita Chumvi, maana hakuna habari iliyopita mdomoni mwake ikabaki ilivyokuwa. Akiumwa na siafu, ukimsikiliza utadhani ni nyoka. Kazi yake ilikuwa kuziba mapaa yanayovuja, na hapo hakuwa na mpinzani. Paa alilolishika, mvua iliishia juu. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alizoea kumsikiliza huku akikanyaga cherehani, akiitikia "ehe, ehe" bila kuinua macho. Miaka ishirini na sita ya ehe-ehe.

Siku hiyo, kwenye saa tano asubuhi, fundi alikuwa peke yake juu ya ghala la nafaka. Wingu hakuna. Bati lilishaanza kumchoma magoti. Alikuwa na misumari mdomoni, mkono ukitafuta nyundo, ndipo alipohisi kimya. Pikipiki bado zilikuwa zikipita barabarani, ila milio yake ilikuwa kama imefunikwa blanketi.

Akainua uso.

Upande wa tangi la maji, juu sana, kilikuwepo kitu. Cheupe kama yai lililomenywa. Hakina mabawa, hakina mkia, hakitoi moshi. Kilitulia tu palepale, ukingo wake ukimeta na kufifia, taratibu, mithili ya kifua cha mtu aliyelala. Misumari ikamtoka mdomoni, ikabingirika batini mmoja mmoja, naye akausikia kila mmoja ukienda zake. Hofu haikumjia. Kilichomjia ni usingizi mtamu akiwa macho, kama ule wa kubebwa mgongoni mwa mama, ukisikia sauti yake ikinguruma mbavuni kabla haijafika sikioni.

Hakujua alikaa hivyo muda gani. Kitu kile kikawa chembamba, kikawa mstari, kikawa hakipo. Pikipiki zikapiga kelele tena.

Aliposhuka, mlinzi wa ghala alikuwa akimenya chungwa.

"Umekiona?" fundi akauliza.

"Kipi?"

"Kile cha juu."

Mlinzi akaangua kicheko. "Leo umeanza mapema, Chumvi! Haya, kilikuwa na vichwa vingapi?"

Siku nyingine angempa saba, na pembe za nyongeza. Safari hii aligeuka tu. Akaacha ngazi ikiwa imeegemea ukuta, akashika njia ya nyumbani.

"Mbona mapema?" mkewe akauliza, mguu ukiwa kazini. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimeona kitu angani. Cheupe. Kilikaa, kikaondoka."

"Ehe."

Mkewe akangoja yafuatayo. Hayakufuata. Cherehani ikanyamaza.

"Halafu?"

"Basi."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Sijui, mke wangu. Hapakuwa na cha kulinganisha."

Mwanamke akainua macho, akamtazama mumewe kama anayepima kitambaa kigeni. Uongo wa mtu huyu aliujua toka pindo hadi kola. Huu haukuwa wenyewe. Akachomoa pini midomoni, akaja kukaa karibu naye.

"Umekiona kweli," akasema.

Machozi yakamlenga fundi, mtu mzima na mvi zake. Hakujua alikuwa akiyasubiri maneno hayo tangu lini.

"Inuka," mkewe akamwambia. "Ukanionyeshe."

Mlinzi alipowaona wakija wote wawili, chungwa lilitaka kumpalia. "Shemeji, na wewe umeambukizwa?"

"Wewe shika ngazi," akamjibu, akafunga khanga vizuri kiunoni, akapanda.

Juu, mbingu ilikuwa tupu, buluu, haina hata ndege. Wakaketi bega kwa bega juu ya gunia, joto la bati likiwapanda miguuni.

"Wapi?"

Fundi akanyoosha kidole. Mkewe akapatazama kwa muda mrefu, macho yamefinywa na mwanga, pumzi imetulia.

"Pazuri," akasema.

Mlinzi akaita kutoka chini: wanaona nini huko? Mkewe akaendelea kupatazama.