Mimi Niliyekuwa Sanamu ya Mama

Wajukuu wangu wakiwasha kuni za mkaratusi kuchoma nyama, mimi huhamisha kiti. Wanadhani moshi unaniumiza macho. Nyinyi nitawaambia ukweli: hata kwa uzee huu, harufu hiyo ikinifika puani hujiona tena mtoto wa miaka minane mwenye mzigo kichwani.

Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mjini, kule mtaa wa Woodley, nasi tuliishi katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba. Nilikuwa mtoto wa pekee. Watatu walionitangulia walizikwa nyumbani Bungoma kabla hawajaanza kutembea, kwa hiyo mama alinilinda kama yai. Nilivaa sweta la sufu hata Januari jua likiwaka. Niliitwa Nafula kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha, lakini mvua yenyewe niliijua kwa kuichungulia dirishani. Wenzangu walikwenda shule ya kanisa, karibu na Dagoretti Corner. Mimi nilibaki nimeshika ncha ya leso ya mama, kwa sababu njiani kulikuwa na magari, mbwa, surua na kila baya ambalo mama aliweza kulifikiria, na alifikiria mengi.

Jumapili alasiri tulikwenda kwenye mkutano wa waliookoka, uani kwa Ndugu Zakayo, fundi viatu. Pale mtu alisimama akataja dhambi yake waziwazi, na wengine wakamsifu Bwana. Siku moja Zakayo alihubiri juu ya Abrahamu, jinsi alivyompeleka Isaka mlimani kumtoa sadaka, kijana akijibebea kuni mwenyewe. Kila mtu ana sanamu moyoni, akasema, basi aitoe leo. Jirani yetu Baba Esta akakimbia kwake, akarudi na santuri alizozipenda kuliko mkewe. Zikatupwa kwenye moto wa mkaratusi, zikajikunja, zikatoa moshi mweusi wa kuwasha koo. Nilipiga makofi kwa furaha, na mke wa Baba Esta alinishinda.

Jumapili iliyofuata alisimama mama.

"Wandugu, Bwana asifiwe. Hata mimi niko na sanamu. Si santuri. Ni huyu mtoto." Akaniwekea mkono kichwani. "Nimemshika kuliko Mungu. Leo nimemtoa."

"Amina!" wakaitikia, sauti ya Baba Esta ikiwa juu ya zote.

Jivu la santuri lilikuwa bado pale uani. Nililitazama, nikamkumbuka Isaka.

Juma zima niliishi roho mkononi. Mama alininyoa nywele. Alinishonea gauni jipya. Chakulani alinisogezea kipande chake cha nyama, na kila wema wake ulinitisha zaidi, maana kuku wa Krismasi naye nilimwona akilishwa vizuri. Kisha nikamsikia baba akimwambia, "Jumatatu tutampeleka. Usirudi nyuma, Mama Nafula."

"Sirudi," mama akajibu.

Sikuuliza kitu. Niliogopa kujibiwa.

Jumatatu asubuhi baba alifunga kuni za mkaratusi kwa kamba, zikinukia ubichi, akanitwika.

"Beba mwenyewe. Sasa wewe ni mkubwa."

Tukashika njia ya Dagoretti Corner, baba mbele, mama nyuma akiomba kimoyomoyo. Nilimkagua baba mikono, maana yeye ni mpishi na visu vyake nilivijua vyote. Mikono ilikuwa mitupu, ila koti lilikuwa na mifuko. Nikachungulia kila kichaka nione kama kuna kondoo aliyenaswa pembe, kama yule aliyechinjwa badala ya Isaka. Nilimwona mbuzi mmoja tu, naye alikuwa amefungwa kamba, mali ya mtu. Hapo miguu ikagoma.

"Baba," nikasema, "kondoo iko wapi?"

"Kondoo gani tena?"

Aliyeelewa ni mama. Alipiga magoti pale pale vumbini, na gauni lake la kanisani, akanitua kuni, akanishika mashavu.

"Hapana, mama. Hapana! Tunakupeleka shule. Hizi kuni ni za kupika uji, kila mtoto mgeni analeta zake."

Baba alicheka mpaka akaegemea mti. Mama hakucheka. Alinikumbatia, nikamsikia moyo ukimdunda, nikajua kwamba nikilia kidogo tu tutarudi nyumbani. Nililia. Alinifuta machozi, akasimama, akanitwika kuni tena.

Getini alinivua sweta kwa mikono yake mwenyewe.

Kabla ya adhuhuri mvua ilishuka, na watoto wakatoka mbio kuichezea. Nikatoka nao. Ilikuwa baridi, tamu, ikinichapa kichwa kilichonyolewa. Ndipo nikamwona mama nje ya ua wa michongoma, sweta mkononi. Kumbe hakuwa ameondoka. Nilisimama nikisubiri aniite.

Nilikuja kuelewa nilipozaa mtoto wangu mwenyewe na kumwachia mwalimu getini. Nilikuwa nimehofia madhabahu juma zima, wala sikujua kwamba aliyekuwa juu yake ni mama. Tena Abrahamu alipanda mlima mara moja. Mama alinitoa kila asubuhi ya shule, na kila asubuhi makaburi matatu ya Bungoma yalimwambia anishike.

Siku ile alifungua mdomo kuniita, akaufunga. Kisha akajifunika sweta langu kichwani, akageuka, akaenda nyumbani peke yake.