Mama Mkwe Mbele ya Foklifti

Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Hupeani naye mkono, huli naye, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Watu wa Ujiji, waliozaliwa mjini, walinicheka sana kwa hilo, nami nikawaacha wacheke. Nilishuka kutoka milima ya Kasulu na nguo mbili na adabu zangu. Nguo zilichakaa mapema, na sikuona sababu ya kutupa adabu pamoja nazo.

Shida ni kwamba mama mkwe wangu nilifanya naye kazi ghala moja.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ng'ambo ya ziwa watu walikuwa wanauana, na boti zilikuja kushusha familia nzima nzima pwani, wengine na godoro, wengine na mbuzi, wengine mikono mitupu. Mahindi ya njano ya kuwalisha yalikuja kwa treni mpaka Kigoma, yakalala kwenye maghala karibu na bandari, kisha malori yakayapandisha kambini. Sisi makuli ndio tuliokuwa tunayashusha, kuyapanga na kuyapakia. Sisemi kwa fahari. Treni ikichelewa tulinung'unika kwamba hatuna kazi, na ikija imejaa tulifurahi, huku tukijua vizuri imejaa kwa sababu gani. Kuna asubuhi nilijikuta namwomba Mungu alete mabehewa zaidi. Nikaona aibu, nikaikatiza ile sala katikati.

Mama mkwe alikuwa mjane, akikaa Bangwe. Kazini alikaa nyuma ya ghala na wanawake wenzake, kila mmoja na shazia yake, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, wakiziba yaliyopasuka. Mimi na yeye tulikuwa na utaratibu wetu. Nikitaka kupita nyuma, nilikohoa. Yeye akageukia ukutani, akavuta khanga usoni, nami nikapita. Tuliishi hivyo miaka kadhaa, kwa kukohoa, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Mke wangu alikuwa akisema siku nitakayougua kifua kweli, mama yake atashinda ameegemea ukuta.

Kisha ghala likaletewa foklifti mbili. Serikali nayo ikatuletea mwalimu kutoka chuo cha ufundi, atufundishe bila malipo kupanga mzigo kwenye mapaleti, yale majukwaa ya mbao, na kuuinua kwa mashine. Msimamizi wetu hakuzunguka. Alituambia mzigo ukishapangwa vizuri magunia hayatapasuka ovyo, kwa hiyo washonaji hawatahitajika tena, na atakayebaki ghalani ni mwenye cheti. Wanaume wengi waliandikishwa udereva. Wanawake waliandikishwa uelekezaji, yaani kusimama mbele ya mashine na kumwonyesha dereva kwa mikono aende wapi, ainue kiasi gani, asimame lini.

Jambo hilo nililielewa haraka kuliko masomo yote yaliyofuata. Mama mkwe akikosa cheti, hana kazi. Akikosa kazi, hana wa kumtunza ila binti yake. Na binti yake alikuwa anaishi na mimi, Ujiji, kwenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia. Mle ndani ningekohoa mpaka nitapike damu.

Mwalimu alikuwa mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Alitugawia vizibao vya rangi ya chungwa na kofia ngumu. Viatu vya kazi vilikuja pungufu, wakapewa madereva tu, na waelekezaji wakaambiwa wavumilie na vyao. Ila siku ya mtihani, alisema, asiye na viatu vya kufunika hataingia.

Siku ya mazoezi alitupanga wawili wawili kadiri tulivyosimama, dereva na mwelekezaji. Mimi kwa akili zangu nilikuwa nimejisogeza mwisho kabisa wa mstari wa wanaume ili nisikutane na mama mkwe. Naye, kwa akili zilezile, alikuwa amejisogeza mwisho kabisa wa mstari wa wanawake. Mwalimu alipotufikia tulikuwa tumebaki wawili. Kuli mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mwalimu, naomba unibadilishie," nikasema. "Huyu ni mama mkwe wangu."

"Hongera. Na mtihani wa Ijumaa utafanya naye huyohuyo, jozi zangu sizivunji."

"Kwetu hatutazamani."

"Hapa mtatazamana. Dereva hamwondolei macho mwelekezaji wake. Usipomwona, unasimama. Foklifti haina habari na ukwe."

Mama mkwe alikuwa amevaa kofia ngumu juu ya khanga, ameinamia sakafu.

Nikapanda kwenye mashine, nikatafuta njia ya katikati. Nilijiambia miguu nayo ni mtu. Akirudi nyuma nitasogea mbele, akisimama nitasimama, na uso wake utabaki na heshima yake. Nilijiona mjanja kweli. Asubuhi nzima nikaitazama ile miguu. Ilikuwa kwenye kandambili zilizolika kisigino, moja mkanda wake umekatika ukafungwa kwa kamba ya gunia. Visigino vilikuwa vimepasuka, na kidole kimoja cha kushoto hakikuwa na kucha. Nilivitazama vyote hivyo kwa adabu kubwa.

Njiani mambo yalikwenda. Tulipofika kwenye safu ya magunia yakaharibika, maana pale mwelekezaji hatembei tena. Anasimama pembeni, mikono ndiyo inayosema. Miguu ikatulia, nami nikaendelea kusogea nikisubiri iniambie kitu. Baadaye niliambiwa alikuwa ameinua mkono juu mpaka bega likamuuma, watu wote wanaona isipokuwa mimi. Uma za foklifti zikaingia kwenye magunia ya chini, safu ikalegea, na mahindi yakamwagika yakambeba mama mkwe wangu, yakamwangusha chini.

Sikufikiri. Niliruka, nikamshika mikono yote miwili, nikamvuta nje. Khanga ilikuwa imemtoka kichwani na nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Hata yule aliyecheka alitazama pembeni. Nikawa nimesimama nimemshika mama mkwe mbele za watu, sijui nimwachie vipi. Alijitoa mwenyewe. Akaokota khanga, akatafuta kandambili zake, akapata moja. Nyingine ilikuwa chini ya mahindi. Akatoka hivyo, mguu mmoja mtupu, akashika njia ya Bangwe.

Kesho yake hakuja kazini. Mke wangu alikwenda kumwona, akarudi na jibu fupi.

"Mama amesema haji tena. Msimsumbue."

"Kwa sababu nilimshika?"

"Mimi sijui ulimfanya nini. Nenda ukaombe radhi kama wanaume wengine."

Kwetu kosa la namna hiyo haliendewi kwa maneno matupu. Nilichukua kuku, nikaenda Bangwe jioni, jua bado lipo. Sikuingia uani. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikasimama nimeupa ukuta mgongo, kama inavyotakiwa. Wanawake waliokuwa wanakusanya dagaa waliowaanika waliacha kazi wakanitazama.

"Mwidiwe, mama," nikasalimu kwa lugha ya kwetu.

Nilisikia sufuria ikisogezwa. "Mwidiwe, baba."

"Nimekuja kuomba radhi. Jana nilikushika."

"Ulinitoa kwenye mahindi. Ulitaka uniache humo?"

"Basi kuna nini, mama? Ijumaa ndiyo mtihani."

Alijibu polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kitu ambacho hakutaka kukisema.

"Ulinitazama miguu. Asubuhi nzima, mbele za watu. Wewe ukitazama, nao wakatazama, wote. Uso ungeutazama nisingekufa, baba, uso una nini? Lakini miguu ile. Na kandambili ile, na kamba ya gunia."

Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Na huyo mwalimu wenu anataka viatu vya kufunika," akaongeza. "Mimi sina. Ndiyo habari yote. Mwondoe kuku wako hapo, anapiga kelele."

Niliinama, nikaona viatu vyangu. Vilikuwa vile vya serikali, vipya, na asubuhi nilikuwa nimevipaka rangi. Miaka yote ile nilimheshimu mama huyu kuliko mtu yeyote mjini. Nilipita nyuma yake nikikohoa, naye akageukia ukuta, na kwa sababu ya heshima hiyo sikuwahi kujua kwamba hana viatu. Watu wa Ujiji walionicheka, kila mmoja alikuwa anajua mama mkwe wake anavaa nini miguuni. Niliondoka pale bila kuaga, na hilo nalo ni utovu wa adabu.

Asubuhi nilikwenda Mwandiga, kwa muuza mitumba. Akaniuliza namba ya mguu. Namba sikuijua, ila niliokota kijiti nikamchorea mchangani, urefu wake, upana wake, na mahali kidole kidogo kinapojitokeza nje. Alitazama mchoro, akanitazama na mimi, kisha akanitolea viatu vyeusi vya kufunika, vya mwanamke. Kuku niliyerudi naye nilimwacha kwake kama malipo. Viatu nilimpa mke wangu apeleke Bangwe, na nikamwomba asiseme vimetoka wapi.

Ijumaa mama mkwe alikuja. Nilipanda kwenye mashine, nikashusha pumzi, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Ana mdomo wa kubana kama ule ninaoukuta nyumbani kila nikichelewa kurudi. Macho yake hayakunikimbia, ila yalikuwa yamejaa machozi, na yangu hayakuwa makavu. Tuliona aibu wote wawili, tangu mlangoni mpaka kwenye safu ya magunia, na kazi ikaenda. Akaonyesha kushoto, nikaenda kushoto. Akaonyesha juu, nikainua. Akainua mkono juu ya kofia, nikasimama hapohapo. Mwalimu alisema tumefaulu, akaita jozi nyingine.

Nilipozima injini nilikohoa, naye akageukia ukutani.

Viatu alivaa siku ile, lazima, maana bila viatu asingeruhusiwa kuingia. Lakini kama vilikuwa vile vyangu au aliazima kwa jirani, mimi sijui. Mke wangu alitaka kuniambia jioni tukiwa tunakula, nikamzuia. Miguu ya mama yake nilikuwa nimeshaitazama vya kutosha.