Saa ya joto la oili ilivyonilazimu kuzima pikipiki mbele ya fahali wa baba mkwe

Wakuu, poleni na mvua ya saa tisa.

Huku Kakamega tumelowa, steji haina abiria hata mmoja, na mimi nimejibanza kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma na simu ina chaji. Acha niwape kisa changu. Sitaongeza chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwamo tangu mwanzo.

Mimi ni bodaboda. Naendesha one-fifty, ile ya air-cooled. Maana yake injini haina rejeta wala maji. Inapozwa na upepo unaopita kwenye zile mbavu za chuma zinazozunguka silinda, na oili inayozunguka ndani. Upepo ukikosekana, oili ndiyo inabeba mzigo wote. Shikeni hapo.

Kwetu ni Lumakanda. Sisi wa Lugari tunamjua ng'ombe wa maziwa na wa kulima shamba la mahindi, basi. Lakini moyo ni moyo, nikaoa Malinya, na Malinya ng'ombe ni habari nyingine. Baba mkwe anafuga fahali wa kupigana. Anaitwa Tingatinga. Huyo fahali analala pazuri kuliko mimi, na silalamiki, nasema tu.

Sasa, injini yangu ya kwanza ilikufa.

Ilikuwa wakati wa mavuno, nabeba magunia kutoka mashambani, jua kali, mlima, gia ya kwanza kutwa nzima. Injini ikaanza kugonga, kisha ikakaba kabisa. Fundi alipoifungua, oili ilikuwa nyeusi na nyepesi kama chai ya rangi, pistoni imekwaruzika vibaya. Alinionyesha kwa huruma, kama mtu anayekuonyesha maiti.

Nilikaa nyumbani bila kazi, mtoto mdogo, nimeishiwa. Mke wangu Phanice alikuwa na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Baba yake alimpa alipojifungua mtoto wetu wa kwanza. Phanice alimwuza yule mtamba bila kuniuliza mara mbili, tukafunga injini nyingine. Nililia, wakuu. Nililia mbele ya fundi na sikuona haya.

Baba mkwe alisikia kwamba mtamba ameuzwa. Hakutugombeza. Lakini tangu siku hiyo nikienda kwake ananisalimia huku anaangalia mti.

Kwa hiyo mjue jambo moja kabla sijaendelea. Hii injini niliyo nayo sasa haina ya pili. Hii ikifa, hakuna mtamba mwingine zizini.

Ndiyo maana nikatafuta saa ya joto.

Kuna mtu atauliza ni kitu gani. Ni kifuniko cha pale unapomwagia oili. Juu kina saa ndogo yenye mshale, chini kina ncha ndefu inayozama ndani ya oili. Unatoa kifuniko cha zamani, unafunga hiki, ukiinama karibu na mguu wako wa kulia unasoma oili ina joto gani. Hamna waya, hamna betri.

Steji walinicheka hadi wakachoka. "Leo mgonjwa ana homa?" Wakanibandika jina la Daktari. Hata abiria wananiita hivyo, na kuna mama mmoja aliniuliza dawa ya kikohozi.

Lakini kwa kusoma kila siku, niliijua injini yangu. Barabara ya lami mwendo wa kawaida, nyuzi tisini na kitu. Mlima wa Sigalagala na abiria wawili, mia na kumi. Foleni siku ya soko, mia na ishirini. Nikajiwekea sheria: mshale ukigusa mia na thelathini, nazima, hata nikiwa nimembeba nani.

Sheria ni rahisi kuiweka ukiwa peke yako.

Basi Phanice akaniambia baba yake ametuma ujumbe. Tingatinga anapigana Jumamosi uwanja wa Malinya, na mzee anataka mkwe wake aongoze msafara na pikipiki. Mimi! Yule anayesalimiwa huku mti ndio unaangaliwa!

Nilifurahi mpaka nikaosha pikipiki mara mbili.

Kwa wasiojua: fahali haendi uwanjani kimya kimya. Anasindikizwa asubuhi na ukoo mzima, ngoma za isukuti zinapigwa, watu wanaimba, matawi mikononi, filimbi, vumbi. Wanaamini fahali akisikia sauti za watu wake, moyo unampanda. Na siku hizi pikipiki nayo imeingizwa kwenye kwaya. Inatangulia, inapiga honi, inaunguruma.

Nilipofika kwa mzee alfajiri, nimembeba Phanice, shemeji yangu Wycliffe, kaka yake Phanice, alikuwa tayari na rundo la matawi. Wakaivalisha pikipiki. Mbele, pembeni, wakafunga kwa kamba za mgomba mpaka taa haionekani. Ilipendeza, siwezi kukataa. Nikapiga picha nikaituma steji.

Akili yangu ilikuwa kwa baba mkwe, maana alinishika mkono akiniangalia usoni. Sikuona kwamba matawi yale yote yamelala juu ya silinda.

Tukaondoka.

Wakuu, jaribuni kupiga picha hiyo. Mwendo wa ng'ombe. Gia ya kwanza, nusu klachi. Kila tukifika njia panda tunasimama, vijana wanacheza, Wycliffe anapiga kelele, "Daktari, ungurumisha!" nami naungurumisha pikipiki ikiwa imesimama palepale. Upepo hakuna, na hata ungekuwepo ungepitia wapi?

Nikaanza kusikia harufu. Mara ya kwanza nikasema ni matawi. Mara ya pili nikashusha mkono, nikafunua majani karibu na mguu wangu, nikasoma.

Mia na ishirini na tano. Na uwanja uko mbali.

Nikamwambia Wycliffe injini imechemka, nizime ipumzike kidogo. Alinitazama kama nimetukana.

"Zima? Ukizima hapa umezimia ndume roho! Hii ng'ombe inasikianga kila kitu. Twende!"

Wazee wawili nyuma yake wakatikisa kichwa kumkubali. Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Mtu wa Lumakanda, mara ya kwanza kupewa heshima pale, eti ndiye anayeleta mkosi.

Nikarudisha majani juu ya saa, nikaendelea.

Nikafunua majani tena. Mia na thelathini na kitu. Klachi imeanza kuteleza, tapeti ndani ya injini zinalia ka-ka-ka, na ile sauti nilikuwa naikumbuka vizuri kutoka siku ya magunia. Jasho likanitoka. Masikioni ngoma, kichwani namwona Phanice akimfungulia kamba yule mtamba.

Mshale ukakaribia mia na arubaini. Nikazima.

Sijui kama mmewahi kusikia isukuti ikinyamaza ghafla. Watu mia wanakuangalia. Hata Tingatinga alisimama.

Wycliffe akaja mbio, na nilidhani anakuja kunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu. Alikuwa ameshika mtungi wa maji ya kumnywesha fahali, amefungua kifuniko, anataka kuyamwaga kwenye injini! Nia yake nzuri kabisa, hapa kila mtu hufanya hivyo. Lakini chuma kikiwa na moto ule ukikimwagia maji baridi, kinaweza kupinda au kupasuka, na hapo hakuna fundi wa kukurudishia.

Nikajirusha katikati. Maji yakaniishia kifuani. Nikaanguka juu ya matawi, nimekumbatia tangi, nguo imelowa, shemeji anapiga kelele, watu wanacheka, wengine wanasonya. Heshima yangu ilikuwa pale chini kwenye matope pamoja nami.

Baba mkwe akaja na fimbo yake.

"Kuna nini hapa?"

Kabla sijafungua mdomo, Phanice alitoka upande wa wanawake waliokuwa wakiimba. Mke wangu si mtu wa kelele. Alisema polepole, lakini kila mtu alisikia.

"Baba, hii injini ndiyo mtamba yule ulinipa. Ndiyo inatulisha. Wycliffe alikuwa anataka kuiua."

 Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kati yetu miaka yote na hakuna aliyekitaja.

Mzee akanyoosha fimbo. "Hiyo saa yako inasema nini?"

Nikafunua majani, nikamwonyesha. Akainama taratibu, akakaza macho.

"Na ikiwa mzima inakuwanga ngapi?"

"Tisini, Baba. Mia. Sasa ni karibu mia na arubaini."

Akaweka mkono karibu na silinda, akauondoa haraka. Akaangalia matawi. Halafu akamgeukia mwanawe, na mimi nikaona sura ya mtu aliyeishi na wanyama maisha yake yote.

"Wycliffe. Mnyama anahema, na nyinyi mmemziba pua?"

Akashika tawi la kwanza akaling'oa mwenyewe. Wengine wakaona mzee anang'oa, wakaanza kung'oa nao. Kwa muda mfupi silinda ikawa wazi, inatoa joto unaliona kwa macho.

"Sasa isukume," akaniambia. "Mimi ndume ikihema hivyo siichapangi. Tembea nayo. Nyinyi wengine pigeni ngoma, hizo ngoma zilikuwanga hapa kabla ya pikipiki."

Isukuti ikarudi. Nilisukuma pikipiki hadi uwanjani, nimelowa chepechepe, Phanice ameshika kiti upande mmoja, na kila nikiinama mshale umeshuka kidogo. Sijawahi kusukuma pikipiki kwa furaha namna ile.

Mnataka kujua Tingatinga alifanyaje.

Alikimbia.

Aliingia uwanjani kwa madaha, akamwona mwenzake, akanusa hewa, akageuka akapita katikati ya watu na kupotelea mashambani. Hata pembe hawakugusana.

Bila shaka Wycliffe alikuwa na maelezo. "Nilisema! Pikipiki ilizimwa!" Wale wazee wawili wakanigeukia. Nikasema leo nimekwisha, nitarudi Lumakanda bila mke.

Mzee akawaangalia.

"Tingatinga ametoroka na miguu yake mwenyewe," akasema. "Mkwe wangu muacheni."

Kisha akaja kwangu, akauliza kama injini imepoa. Nikasoma. Imepoa. Nikapima oili, nikawasha, ikaitika mara moja, sauti safi. Wakuu, machozi yalinilengalenga. Mzee akapanda nyuma yangu, fimbo mapajani, tukaenda kumtafuta fahali.

Mwendo wa kawaida, upepo unapita mbele kama inavyotakiwa. Kila baada ya muda naona kichwa chake kimeinama upande wa mguu wangu wa kulia. Anasoma saa.

Tulimkuta Tingatinga kwenye shamba la viazi vitamu la jirani, anakula majani bila wasiwasi wowote. Mzee alicheka hadi akashika bega langu. Tukakaa pale tunamwangalia, injini inanguruma polepole. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Mimi nilidhani pesa ya ule mtamba mlikula tu."

 Aliugonga mguu wangu kwa kiganja, akateremka kwenda kumshika fahali wake.

Somo langu, ndugu zangu. Pikipiki ya air-cooled inapumua kwa kutembea. Maandamano, harusi, msafara wa ng'ombe, mazishi, chochote kinachokwenda mwendo wa miguu, usikae gia ya kwanza ukiungurumisha. Matawi funga kwenye usukani na nyuma, mbele ya silinda acha wazi. Maji usimwage kamwe, iache ipoe yenyewe. Na hata kama huna saa, jifunze harufu na sauti, kisha zima mapema, aibu itapita. Mimi nilichelewa kidogo kwa sababu ya kuogopa macho ya watu. Niliona mshale nikauficha kwa majani tena, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka.

Wenye uzoefu, nyinyi mnazima kwenye ngapi? Kuna fundi hapa anayeweza kutuambia kama oili nzito inasaidia kwenye milima yetu? Na wewe unayetaka kuandika kwamba fahali alikimbia kwa sababu yangu, andika, nimezoea.

Mvua imekatika, abiria ameita. Kabla hajaita, baba mkwe alikuwa amenipigia simu. Hakuuliza habari za mtoto, hakuuliza habari za Phanice. Aliuliza, "Mnyama wetu ameshindaje?"