Jembe na Nyumba Ndani ya Landrova Moja

Shule yetu ya Mbulumbulu ilikuwa inaishia darasa la nne. Mtoto akimaliza hapo, kama hakupata nafasi ya bweni kule Mbulu, alirudi nyumbani kupura maharage. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule kwa miaka saba. Kazi yetu ilikuwa kuziba mabati yanayovuja, kufukuza mbuzi bustanini kwa mwalimu, na kuandika barua za kuomba darasa la tano. Barua zilijibiwa vizuri sana, kwa taipu, kwamba zimepokelewa. Siku moja mwenyekiti wetu akachoka. "Barua haina mdomo," akasema. "Tumtume mtu." Wote wakanitazama mimi. Nadhani nilikuwa nimesinzia kikaoni, na asiyekataa amekubali.

Ndivyo nilivyoingia kwenye uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1965. Chama kilipitisha majina mawili: langu, Paulo Lohay, mkulima wa ngano, na la Bwana Salehe, mwenye duka mjini Karatu. Wasiojua kusoma walitakiwa wachague kwa picha, mimi nikapewa jembe na yeye nyumba. Tulitakiwa kusafiri gari moja na kuhutubia mkutano mmoja kwa zamu, na kusema Kiswahili tu, asiwepo wa kuomba kura kwa lugha ya kabila lake. Atakayevunja hilo la mwisho, jina lake lingeweza kuondolewa.

Siku ya kwanza niliondoka Mbulumbulu saa kumi na mbili asubuhi. Upepo ulikuwa unalaza ngano na kuiinua tena, na mimi nilikuwa tayari niko Dar es Salaam, nimevaa koti, nasimama Bungeni huku watu wananyamaza. Mke wangu husema mimi huota macho wazi. Binti yetu Paskalina alinisindikiza hadi barabarani na kikapu cha viazi. Alikuwa amemaliza la nne mwaka uliotangulia, wa pili darasani, na tangu siku hiyo alikuwa anasoma daftari lake la mwisho mpaka kona zake zimelika. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

"Baba, ukifika huko utawatajia jina langu?"

"Bunge haliulizi majina ya watoto, mwanangu."

"Sasa watajuaje ni nani hana shule?"

Nilicheka, nikampapasa kichwa, nikapanda lori la ngano.

Karatu tuliingia saa tatu. Landrova ya serikali ilikuwa imesimama mbele ya duka la Salehe, na ndani yake msimamizi wetu, Bwana Elia, karani mstaafu kutoka Arusha, ameweka daftari magotini kama sahani ya chakula. Salehe mwenyewe alitoka na kanzu safi na birika mkononi. Ni mtu wa Kondoa, alikuja Karatu akiwa kijana akiuza chumvi kwa punda, na miaka ishirini baadaye alikuwa bado anauza chumvi, ila punda alikuwa amestaafu.

"Karibu, mpinzani wangu. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Basi ingia ndani. Nikimshinda mtu mwenye njaa watasema nimemwonea."

Tukanywa chai na mkate wa mkewe. Kisha tukabishana nani akae mbele na dereva. Bwana Elia akaamua: leo nyumba mbele, kesho jembe.

Kijiji cha Endamarariek, penye mkutano wetu wa kwanza, tulifika saa nane mchana. Mahindi yalikwisha kuvunwa na watu walikaa shambani juu ya mabua. Salehe alianza, akaeleza barabara na zahanati, akashangiliwa kwa adabu. Nikafuata mimi na darasa la tano langu. Kisha akainuka bibi mmoja mfupi, amejitanda kaniki, akauliza kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, kwa maana hakujua lugha nyingine. Mjukuu wake amemaliza la nne na yuko nyumbani. Kati ya hawa wawili, ni nani atakayemkumbuka?

Mkalimani wetu, katibu wa pale, alikuwa amelala na homa. Bwana Elia akasema, "Kiswahili tu, tafadhali." Bibi hakuelewa hata hilo. Akabaki amesimama, akisubiri. Nilijua sheria. Lakini kwetu mama wa umri ule haachwi amesimama bila jibu, na mdomo wangu ukatangulia. Nikamwambia kwa Kiiraqw: "Mama, mimi sijui kama nitashinda. Yeyote utakayemchagua, mtajie jina la mjukuu wako. Asiondoke hapa bila hilo jina."

Maneno yalikuwa ya Paskalina, mimi niliyaazima tu. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na bibi akakaa. Bwana Elia akachukua kalamu sikioni mwake, akaandika kwa muda mrefu.

Mkutano ulipokwisha nilikwenda kunawa uso. Niliporudi niliwakuta watu wameuzunguka mlango wa gari upande wa Salehe, wakimwinamia dirishani. Sukari ilikuwa imeadimika wiki ile, nikadhani wanamuuliza habari za sukari.

Njiani kurudi Karatu Bwana Elia aliniambia bila ukali. "Bwana Lohay, nimesikia hotuba ya Kiiraqw na watu wakashangilia. Mimi siielewi, dereva haielewi. Kesho jioni ni lazima nipeleke taarifa Mbulu."

"Sikuomba kura, mzee. Nilimjibu tu."

"Neno la mgombea juu yake mwenyewe siwezi kuliandika."

Nilimtazama Salehe. Alikuwa anaangalia vumbi. Nilijua anaweza kupima chumvi na kutaja siku za wiki kwa Kiiraqw, zaidi ya hapo sikujua. Na hata kama alijua zaidi, kuna faida gani mtu kumwokoa mpinzani wake? Nikafumba macho. Bunge langu la Dar es Salaam likaja tena, lakini safari hii koti lilikuwa limening'inia peke yake kwenye kiti.

Siku ya pili tulipanda Ngorongoro, kwenye kambi ya watengeneza barabara, wengi wao watu wa Karatu waliojiandikisha kupiga kura kwetu. Ilikuwa zamu ya jembe kukaa mbele, na sikupata raha yoyote ya kiti kile. Tulipoingia msituni ukungu ulitushukia. Miti ilikuwa na ndevu za kuvu, inatokea na kupotea, na dereva aliendesha ametoa kichwa nje. Kwenye kona moja gari likazama matopeni. Tukashuka wote. Sikumwona Salehe, nilimsikia tu upande wa pili.

"Mheshimiwa, sukuma!"

"Sukuma wewe kwanza, Mheshimiwa!"

Tukasukuma. Gari lilipochomoka, kanzu yake na suruali yangu zilikuwa rangi moja, na kwa kitambo tulisimama tukicheka ndani ya weupe ule, hatuna jimbo wala picha. Ningependa tubaki hapo siku nzima.

Ukingoni mwa shimo la Ngorongoro tulifika saa mbili na nusu asubuhi. Alitupokea mlinzi wa kambi, mzee wa Kimaasai, akatupa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Aliziangalia picha zetu mlangoni mwa gari.

"Huyu jembe ni nani?"

"Mimi, mzee."

"Hapa hatulimi. Na huyu nyumba?"

"Mimi," akasema Salehe.

"Nyumba hujengwa na wanawake." Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Watu wakubwa kama nyinyi, hata ng'ombe mmoja hamkupewa?"

Tulikaa juu ya magogo kungoja wafanyakazi wakusanyike. Mbele yetu shimo lote lilikuwa limejaa ukungu hadi ukingoni. Hapo ndipo Bwana Elia alipofungua daftari. "Bwana Salehe, wewe umekaa na watu hawa miaka ishirini. Jana huyu bwana alisema nini?"

Mtu akitaka kunimaliza, lilitosha neno moja: sikuelewa. Wala lisingeonekana uongo. Nikaweka kibuyu chini.

Salehe alifuta matope mikononi polepole. Kisha akaitoa sentensi yangu yote kwa Kiiraqw, safi, na kuirudia kwa Kiswahili neno kwa neno, hata pale niliposema sijui kama nitashinda. "Hakuomba kura," akasema. "Na ukitaka ushahidi mwingine, huu hapa."

Akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya kufungia sukari. Kilikuwa kimejaa majina kwa penseli, juu kabisa Elizabeti, chini yake wengine kumi. "Yule bibi alikuja dirishani akanitajia. Walipomwona, wengine nao wakaja."

Bwana Elia aliisoma, akakata mistari yake ya jana kwa kalamu, mara mbili, na kufunga daftari. Nilikuwa nimepona. Lakini nilikuwa nimeisikia pia hesabu iliyobaki. Nilimwambia bibi amtajie jina yule atakayemchagua, na mimi hakuna aliyenitajia hata moja.

"Kwa hiyo wote hawa," nikamuuliza Salehe, "ni wako?"

"Usifikiri hivyo, ndugu yangu. Wewe ni mtu wao, wanadhani watoto wao unawajua. Mimi ni wa kuja, ikabidi nitajiwe."

Alisema kwa huruma, na sikumwamini. Niliona wivu, nasema kweli, na aibu ya kuona wivu mbele ya mtu aliyeniokoa muda mfupi tu uliopita. Nikageuza uso. Ukungu ulikuwa unapasuka. Kwanza likaonekana ziwa la magadi, jeupe, mbali sana chini, halafu majani, halafu vidoa vyeusi ambavyo mlinzi alisema ni nyati. Vilikwenda taratibu, bila haraka na bila kutuona. Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Salehe ndiye aliyenigusa bega: "Twende, jembe. Leo unaanza wewe."

Nilihutubia vizuri siku ile, pengine kuliko siku zote. Tukateremka jioni, tukazunguka vijiji vingine siku tisa, na kila mahali niliona watu wakienda dirishani kwa Salehe, kwa maana habari hutembea. Kura zilipohesabiwa, nyumba ilishinda.

Nilirudi Mbulumbulu kwa miguu siku ya matokeo, niliona haya kupanda lori la watu. Paskalina alikuwa uani, anapura. Aliniletea maji ya kunawa, akangoja ninywe na chai. Alikuwa amekwisha sikia.

"Baba, lakini uliwatajia jina langu?"

Siku kumi na moja kwenye gari moja na mtu mwenye penseli, nimewafundisha watu wa vijiji vyote kutaja majina ya watoto wao, na la mtoto wangu sikulitaja. Nilikuwa nalitunza mpaka nifike mimi mwenyewe kule Bungeni, nimevaa lile koti.

Kesho yake alfajiri tulishuka Karatu pamoja. Duka lilikuwa limejaa wapongezaji. Nilisubiri zamu yangu kama mteja yeyote, kisha nikasimama mbele ya kaunta na kofia mkononi. Salehe aliniona, akaacha kupima mchele, akaitoa ile karatasi ya sukari bila kuulizwa. Ilikuwa imeshonewa nyingine tatu.

"Nimekuja kutaja jina," nikasema.

"Nilikungoja tangu Ngorongoro," akajibu.

Darasa la tano tulilipata baada ya mavuno mawili, na hayo ni masimulizi ya siku nyingine. Nilichojifunza ni kidogo: nilitaka sana kuwa mdomo wa watu hata nikasahau kusema neno nililotumwa. Na lilikuwa neno moja tu.

Salehe alilowesha penseli ulimini, akainamia karatasi. "Haya, niambie. Anaitwa nani?"

Kabla sijajibu, Paskalina alinyoosha mkono, akaichukua penseli, na kuliandika mwenyewe.