Upande wa Mlima

Nimepigana vita vya simu na watu wengi nisiowajua, na wengi wao nashukuru sijawajua. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mnatupwa kisiwani watu wanne wanne, kila kikosi kinawinda vikosi vingine, na watakaobaki mwisho ndio washindi. Usipokuwa na marafiki wa kucheza nao, mtambo unakuokotea watatu popote walipo. Vijana huwaita marandom. Mimi nina majina mengine ya kuwaita, na si ya kuandikwa hapa.

Nauza dawa za mifugo katika duka moja Nyeri mjini, na alasiri wateja wakipungua huwa nacheza nyuma ya kaunta. Kwa kuwa nimechagua Kiswahili, marandom wangu hutoka huku huku kwetu, katika miji inayouzunguka mlima, na kila mmoja huja na maiki wazi na boma lake zima. Nimepigana nikisikia mashine ya kukata nyasi za ng'ombe. Nimepigana nikisikia kwaya ikifanya mazoezi. Kuna mmoja aliyesisitiza tuanze na maombi, akaomba, akawakumbuka hadi wagonjwa, na aliposema amina alikuwa amebaki hai peke yake. Mwingine, akisikia tu sauti ya mwanamke, husahau bunduki akauliza kama nimeolewa. Mwingine huokota risasi zote na dawa zote, kisha hukimbilia kichakani kama mtu aliyeiba mahindi. Wajinga ndio waliwao, lakini hawa wakiliwa huliwa pamoja na mimi.

Ndiyo maana niliitaka ile timu. Kuna vijana wa hapa mjini wanaocheza pamoja, watu wanaojua kunyamaza, na hushindana na timu za miji mingine. Nahodha wao, binti ninayemuuzia dawa ya kuku, aliniambia waziwazi kwamba nafasi ni moja. Nikifika ngazi ya juu iitwayo Taji kabla msimu wa mchezo haujafungwa Jumamosi jioni, ni yangu. Nisipofika, wana mtu mwingine. Sijui kama nimewahi kutaka kitu kwa namna ile tangu niwe mtu mzima. Nilitaka kuagana na marandom milele.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimebakiza ushindi mmoja, na muda uliobaki ulitosha mchezo mmoja tu. Nikapewa mwanamume mwenye sauti nzito, mwingine aliyetoroka kabla hatujatua, na wa tatu ambaye hakusema lolote. Nilimsalimia, kimya. Nikamwuliza ana bunduki gani, kimya. Nikamhesabu pamoja na miti. Yule wa sauti nzito alikuwa hodari, siwezi kumnyima haki yake, ila alizungumza bila kituo, na kwake kila kitu kilikuwa "huku" na "pale". Juu ya skrini kuna dira inayoonyesha kaskazini na mashariki, kubwa kiasi kwamba hata mbuzi angeiona. Yeye hakuitaja hata mara moja.

Hata hivyo tulifika mwisho. Kilibaki kikosi kimoja tu cha adui, na sisi sote watatu tulikuwa hai. Nilikuwa nimeshaanza kujiona katika timu yangu mpya. Ndipo yule bwana akanong'ona, "Madam, wako upande wa mlima."

Kisiwa chenyewe hakina mlima, lakini kwetu mlima ndio dira, nikageuka bila kufikiri. Mlango wa duka langu unautazama mlima, na jua huchomoza upande huo kila siku ya Mungu. Nikaelekeza bunduki mashariki, na risasi zikanipata ubavuni kutoka kaskazini. Alipokimbia kuja kunisaidia, naye wakamlaza.

Ukifa katika mchezo huu bado unaweza kuongea, na hilo ndilo kosa kubwa la waliouunda.

"Kwani hujui mlima iko wapi?" akaniuliza, kwa uchungu wa kweli.

Nilipandwa na hasira. Mimi, niliyezaliwa chini yake, niulizwe mlima uko wapi na mtu asiyetazama dira! Nikamwambia uko mashariki, hata mtoto wa Tetu, huku Nyeri, anajua. Akasema yeye yuko Kerugoya, na mlima uko kaskazini, juu, mahali ambapo mlima unapaswa kuwa. Nikamweleza kwamba watu wa Kerugoya wanaona mgongo wake tu.

"Ati mgongo?" Akacheka. "Nyinyi wa Nyeri ndio mko nyuma. Uso iko huku kwetu."

Nikamjibu, akanijibu. Tukataja vilele, tukataja theluji, tukafika hadi kwa mababu, kila mmoja akipandisha sauti kumshinda mwenzake. Kwenye skrini yule bubu alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta, peke yake, hasogei. Nilimwona, nikamdharau, nikarudi kwenye ubishi wangu. Kisha adui wakatokea nyuma yake, na mchezo ukaisha.

Msimu nao ukaisha. Kabla hatujatawanyika, maiki ya tatu ilifunguka kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sauti ya mama wa makamo, yenye lafudhi ya watu wa Meru, tulivu kama ya mtu anayechambua maharagwe.

"Nilikuwa nasikia nyayo zao vizuri," alisema. "Halafu mkaanza kuongea. Na mlima iko upande wa jua kuzama. Tunaiona kila jioni."

Akatoka.

Jumatatu nahodha alikuja kuchukua dawa ya kuku, akaniambia kwa upole kwamba nafasi imepata mtu. Nilimfungia dawa yake na sikuwa na moyo wa kumwuliza ni nani. Alasiri hiyo nikaanza msimu mpya kutoka chini kabisa, na marandom watatu, mmoja wao pamoja na jogoo wake. Hatukuwa tumemaliza kutua mwenye jogoo alipopaza sauti kwamba kuna adui upande wa mlima.

Sikugeuka.

"Kwanza sema," nikamwambia, "uko Kerugoya ama uko Tetu?"