Msimu wa Nusu kwa Nusu na Ng'ombe wa Adan

Nikianza kusimulia habari za Kabale sauti hunipanda mpaka nusu ya Isiolo inisikie. Ni hasira. Wakinena kwamba mimi Njambi, mama Luke, nina mdomo, sawa, ninao, na leo nautumia.

Kabale ni jirani yangu wa biashara. Nina duka karibu na stendi, nauza sukari, sabuni na soda. Yeye hupokea maziwa ya ngamia alfajiri, huyapakia kwenye basi la Nairobi, kisha huja kupumzisha mgongo kwenye benchi langu. Ni mjane wa maneno machache. Mwanawe ni mmoja tu, Adan, aliyekwenda Amerika kusoma na kuchukuliwa huko kwenye mpira wao, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama mabeberu. Adan mwenyewe hagongani na mtu. Kazi yake ni kuingia uwanjani, kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo mbili, na kutoka. Akipitisha, hakuna anayemtaja. Akikosa, kila mtu analijua jina lake.

Kila Jumatatu asubuhi, maziwa yakishaondoka, nilikuwa nafungua marudio ya mechi kwenye televisheni ya duka. Watu walijaa mpaka wateja wa kweli wakakosa njia. Na timu yenyewe, jamani! Ingekuwa mbovu kabisa tungeizoea. Ingekuwa nzuri tungetamba. Hii ilishinda wiki hii, ikashindwa wiki ijayo, ikashinda tena kwa kubahatisha, ikapigwa na timu ambayo ilikuwa haijampiga yeyote. Wakishinda, Adan alikuwa kijana wetu wa Isiolo. Wakishindwa, alikuwa kijana wa Kabale. Nilisikia mwanamume mzima, ambaye hajawahi kupiga hata chupa tupu ikaenda anakotaka, akimwambia mama wa watu kwamba mwanawe hana shabaha. Nikamwambia alipe soda yake aondoke.

Aliyetamba kuliko wote ni Jaldesa, ndugu wa marehemu mume wa Kabale. Alikaa mbele kabisa, kofia imesukumwa nyuma, akisema "kijana wangu" kila Adan alipoonekana. Ni huyo Jaldesa aliyekuwa anachunga ng'ombe wa Adan kule Biliqo.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu hata mimi, mtu wa Nyeri, ilibidi nielezwe. Mtoto wa kiume wa Kiborana akizaliwa, baba yake humtengea mtamba. Wanamwita handura, yaani kitovu. Ndama watakaotoka kwa huyo mtamba, na ndama wa hao ndama, wote ni mali ya yule mtoto, akae nyumbani au aende mwisho wa dunia. Hauzwi hata mmoja bila neno lake. Handura wa mtu wakianza kugawanywa bila yeye kuulizwa, maana yake mwenyewe amekufa.

Mwezi wa Desemba nilitaka mbuzi wa Krismasi. Kabale akasema nikienda soko la mifugo peke yangu nitauziwa mbuzi mgonjwa kwa bei ya fahali, basi akaja nami. Tulikuwa hatujafika kwa mbuzi aliposimama ghafla, akanishika mkono mpaka ukaniuma. Mbele yetu dalali mmoja, Sharamo, alikuwa ameshika kamba ya mtamba mwekundu mwenye paji jeupe. Jaldesa alikuwa pembeni yake, wakipatana bei.

"Nyanya ya huyu nimemkamua na mikono yangu," Kabale akaniambia. Kisha akaenda, akaishika ile kamba juu ya mkono wa Sharamo.

"Salaam aleikum, Sharamo. Hii ni handura ya Adan. Mwenyewe iko hai. Wewe unanunua ya mtu hai?"

Sharamo alimtazama Jaldesa. Jaldesa akacheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

"Mama Adan, wacha aibu sokoni. Kijana anakula dola. Nchi nzima inamuona kwa televisheni. Ng'ombe moja ya Biliqo itamfanyia nini?"

"Hiyo zingine iko wapi?"

Jaldesa akakohoa. Akasema ukame. Akasema dawa. Akasema mambo mengi, na katika hayo yote hakuna ng'ombe aliyebaki. Alikuwa amewauza mmoja mmoja tangu msimu ulipoanza, kila mara timu iliposhinda, kwa sababu kila iliposhinda alijiambia kijana sasa ni tajiri. Sharamo, mtu wa biashara lakini ana watoto wa kiume, aliachilia kamba haraka na kuupangusa mkono wake kwenye kikoi. Hakuna dalali mwingine wa Kiborana aliyesogea karibu na yule mtamba siku hiyo. Mimi niliondoka bila mbuzi.

Mtamba tukamfunga nyuma ya duka langu, penye makaa. Alikula maboksi yangu yote. Nilichukua simu nimpigie Adan papo hapo, Kabale akaninyang'anya.

"Mama Luke, wacha. Mtu ya kupiga mpira kama hiyo, ukimwekea moto kwa kifua, mguu inapinda. Wacha msimu iishe."

"Na huyu mwizi?"

"Wacha msimu iishe."

Basi nikanyamaza, na kunyamaza kulinichoma kuliko kitu chochote. Kwa sababu Jaldesa alidhani Kabale amemezwa na aibu. Alirudi kwenye benchi Jumatatu iliyofuata, akaagiza soda, akasema "kijana wangu." Ng'ombe wa huyo kijana akilia nyuma ya ukuta, yeye aliniomba niongeze sauti ya televisheni. Nilimpa soda ya moto, na wiki iliyofuata pia.

Kufikia mechi ya mwisho timu ilikuwa imeshinda nane na kushindwa nane. Zikabaki sekunde chache, Adan akaitwa. Mpira ukapanda vizuri, upepo ukausukuma, ukagonga nguzo, ukarudi uwanjani. Timu ikashindwa. Kabale alikunja leso yake akaenda kumpa mtamba maji.

Siku mbili baadaye Adan alipiga simu dukani, maana simu ya mama yake haikuwa na chaji. Jaldesa alikuwepo kama kawaida. Niliweka sauti ya juu ili mama asikie vizuri, na sikujuta.

"Mama, wameniacha," Adan alisema. "Timu inatafuta mpigaji mwingine. Mkataba wangu ulikuwa wa wiki kwa wiki tu, sina kitu nimeweka. Ninarudi nyumbani."

"Rudi, mwanangu. Nyumba iko."

"Nitakaa Biliqo kwanza. Nitaanza na ng'ombe zangu. Sasa zimekuwa ngapi?"

Hapo nilimtazama Jaldesa. Chupa ilikuwa mdomoni, lakini hanywi.

"Moja iko na mimi, hapa kwa mama Luke," Kabale alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kupima maziwa. "Hiyo zingine, ngoja. Msimu imeisha. Mchungaji yako ameketi hapa."

Akamnyooshea Jaldesa simu. Jaldesa aliangalia mlango, na mlangoni walikuwa wamesimama walewale wa kila Jumatatu. Akaniangalia mimi. Nilizima televisheni ili asikose neno hata moja.

"Baba mdogo?" Adan aliuliza. "Uko hapo?"